Mwanaume wa Lukuga

Siku yangu ya kutembea nilikuwa nimeshaipanga yote, kuanzia viatu hadi chakula, na mimi hata mlango wa uani nilikuwa siruhusiwi kuuvuka peke yangu. Mume wangu alikuwa amefariki, na kwa ukoo wake mjane anavaa nyeusi na kukaa nyumbani mpaka kaka mkubwa wa marehemu aje amvue. Kaka huyo anakaa Moba. Kutoka Moba kuja Kalemie ni boti, na boti haikosi sababu: leo mawimbi, kesho mafuta ya mazutu hayapo, kesho kutwa boti ipo ila yeye ana mihogo yake shambani. Muda wa kilio ulikuwa umekwisha, kila mtu alijua umekwisha, na bado nilikuwa naambiwa, Mama, vumilia.

Nilikuwa nimevumilia vya kutosha. Mimi napenda ndege. Wengine wanapenda mpira na hakuna anayewauliza. Mvua zikianza, wageni wanafika kwenye mdomo wa Lukuga, pale mto unapotoka ziwani: ndege wadogo wa matopeni, miguu myembamba, wanakimbia huku wanachomachoma matope kwa midomo. Mvua zikikaribia kwisha wanaondoka. Mume wangu alipokuwa hai nilikuwa nawachungulia haraka haraka nikitoka sokoni, samaki wananiozea kwenye kikapu. Siku nzima ya kutembea kwa miguu kando ya maji, tangu alfajiri, sikuwahi kuipata. Safari hii nilijiambia nitaipata kabla hawajaondoka.

Basi nikapanga. Asubuhi jua linatokea ziwani, ukitazama maji huoni kitu ila vivuli. Kwa hiyo asubuhi ni ya mto na matete, ziwa nilipe mgongo. Saa za joto nipumzike kwenye ukuta wa kile kiwanda cha nguo kilichofungwa, nile bukari baridi, ugali wetu, na dagaa wa ndakala. Jua likishageuka, nirudi na ufuko polepole hadi karibu na bandari, ambako mnandi, wale ndege weusi wanaozamia samaki, wanaanika mabawa juu ya mabati ya nyumba zilizozama. Nguo nyeusi haikunitia wasiwasi. Ndege hawaiogopi, wanaoiogopa ni watu, na watu sikuwa nawatafuta.

Kilichonisumbua ni njia. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kula barabara ya ufukoni pamoja na nyumba za watu, na mimi niliyefungiwa sikujua wapi panapitika. Nikawa namuuliza mama wa samaki aliyekuwa anapita kwetu kila asubuhi. Nyuma ya kiwanda, mutu anapita? Alfajiri kunakuwa watu wengi? Kuko fasi ya kujificha kwenye matete? Alinijibu vizuri, kwa subira, wala hakuuliza kwa nini.

Mama wa samaki hana ubaya, ila mdomo wake hauna mlango. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyehamia kwetu kunilinda, akayapata yote. Akapekua chini ya godoro langu, akakuta darubini. Hakupiga kelele. Alikaa kitandani, akashika kichwa.

"Mama, kuko nani kule Lukuga?"

"Kuko ndege."

"Mutu atembee siku muzima na miguu, sababu ya ndege? Ndege wa kula?"

"Wa kuangalia."

Alinitazama kwa huruma, na hiyo huruma iliniudhi kuliko matusi. Jioni ileile akapiga simu Moba. Na boti, jamani, ikapatikana.

Shemeji alifika, wazee wakakaa sebuleni, mimi nikakaa chini kwenye mkeka. Alisema kwa upole. Si mtu mbaya. Kama ni mwanaume, nimtaje tu. Aje na watu wake, alete mbuzi, ukoo umuone, nami niende zangu kwa heshima. Nilimsikiliza huku roho inaniuma. Ningekuwa na mwanaume nisingekuwa na shida yoyote, maana kwa mwanaume wana desturi. Kwa ndege hawana.

"Papa, hakuna mwanaume. Ni ndege tu."

"Basi ni vizuri," akasema. "Kesho tutakuosha ziwani, tukuvue nyeusi. Na pale kwenye maji utatuambia kwamba kule Lukuga hutaenda kutembea. Kama hakuna mutu, hautapoteza kitu."

Nikamuuliza, na nisiposema? Akajibu kwamba yeye hana haraka. Atarudi Moba, atakuja tena mwaka ujao.

Asubuhi walinisimamisha kwenye maji, yakanifika magotini. Wifi alinimwagia kichwani kwa kopo, shemeji akasimama pembeni akingoja neno langu. Nilimchukia, nikamchukia wifi, nikamchukia hata marehemu kwa kufa kwake. Nikasema, "Sitaenda."

Wifi akapiga vigelegele, akanifunga kitenge kipya, akalia begani kwangu kwa furaha. Nami nililia. Wakadhani namlilia mume wangu, wakanibembeleza.

Wale ndege wageni waliondoka mvua zilipokaribia kwisha, na sasa wamerudi. Naenda sokoni, naenda kanisani, nikitaka hata Nyunzu napanda treni, hakuna anayeuliza. Lukuga siendi. Nilisema mbele ya maji na mbele ya watu wa mume wangu, na nikionekana kule, wote watajua ni kweli mwanaume alikuwepo.

Wifi bado ananiuliza tukiwa wawili jikoni, kwa sauti ya chini, bila ubaya: alikuwa nani? Nimemjibu ndege mpaka nimechoka. Juzi nikamwambia alikuwa mtu wa reli, na ameshaondoka. Akaacha kuchambua mboga, akanishika mkono.

"Pole sana, Mama," akasema.

Tangu mwanzo wa mambo haya ya Lukuga hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Nikaipokea pole yake.