Chafya ya Koko

Juzi nilipita Oldonyo Sambu nikakuta mizeituni ya porini imeshachanua, nami bado nimevaa sweta. Upepo ulipovuma nikapiga chafya, na papo hapo nikamkumbuka koko, bibi yangu mzaa baba.

Kila mwaka, koko akianza kupiga chafya, haikuchukua muda baridi ikakatika. Mimi nikaamini chafya zake ndizo zinazoifukuza. Basi alasiri moja ya ukungu, mwanambuzi aliyezaliwa asubuhi alikuwa akitetemeka jikoni kwetu, katikati ya harufu ya moshi na maziwa. Nilimwonea huruma. Koko alikuwa akisinzia karibu na moto, nikachukua ugoro wake nikampulizia puani.

Alipiga chafya mpaka kuku wakatoka mbio. Nikafungua mlango. Ukungu ulikuwa palepale.

“Unatafuta nini huko nje?” aliuliza, machozi yakimtoka.

“Jua, koko.”

Alicheka mpaka akashika mbavu. “Chafya ya ugoro haileti jua, mjukuu wangu. Ngoja ile ya mzeituni.” Akavua shuka lake, akamfunika mwanambuzi.

Siku hizi najua kwamba mti husubiri joto ndipo umwage chavua, ule unga wa njano uliokuwa ukimwasha koko puani. Joto lilitangulia, chafya ikafuata. Ila juzi, nikiwa nimesimama pale na sweta langu, baridi bado haijakatika na mti umeshachanua, nilitamani kumuuliza: koko, safari hii ni nani ameupulizia mti ugoro?