Punda wa Tata

Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwetu, alipofariki niliomba likizo kazini Mwanza, nikaja Muleba kukaa na mama. Watu wa msiba walipokwisha kuondoka, tulibaki watatu: mama, mimi na punda.

Tata alimnunua punda huyo kwa wafugaji wa Karagwe, miaka ile goti lake lilipoanza kumsumbua. Kwetu si kawaida mtu mzima kupanda punda, na mwanzoni waumini walicheka alipofika naye kanisani. Baadaye walizoea. Mimi sikuwahi kumwona juu ya mnyama huyo. Nilikuwa nikisikia habari zao kwa simu tu.

Unga ulipoisha, mama aliniambia nimchukue punda niende mashineni, kule ng'ambo ya barabara kuu. Nilimfunga kamba nikamvuta. Hakusogea hata unyayo. Mama aliyekuwa ameketi barazani akimenya ndizi akasema punda huyu havutwi, amezoea kupandwa.

Basi nikamtandika. Niliukaza mkanda wa tumboni kwa nguvu zangu zote, nikaweka debe la mahindi mbele, nikapanda. Hatukufika mbali. Tulipofika kwenye mibuni ya jirani, tandiko lilizunguka kama gurudumu, nikajikuta chini na mahindi yamenimwagikia. Jirani, mama wa makamo aliyekuwa akipalilia, aliziba mdomo kwa kiganja ili asinicheke waziwazi. Alikuja kunisaidia kuokota, akanieleza kwamba punda huyu hujaza tumbo hewa akifungwa mkanda, kisha huishusha. Tata alikuwa akifunga, anasubiri ashushe pumzi, halafu anakaza tena.

"Mpola, waitu," akaniambia, yaani polepole, ndugu yetu. "Yeye mwenyewe alianguka mara tatu."

Siku ya pili nilikaza mara mbili. Punda akabadili mbinu: alipita akijisugua kwenye miti ili anibane mguu, na kwenye mteremko aliinamisha kichwa ghafla kula majani. Nilivunja fimbo ya mbuni nikampiga. Alisimama tu, masikio nyuma, mpaka mkono wangu ukachoka. Niliona aibu, nikaitupa ile fimbo.

Ijumaa jioni tulikuwa tunatoka mashineni. Tulipofika barabara kuu, pale kinjia cha kwetu kinapoanzia, aligoma kabisa. Aligeuza uso kuelekea Biharamulo akatulia. Nilimsihi kwa Kiswahili na Kihaya. Nilishuka nikamsukuma kwa bega. Mwishowe nilikaa chini kwenye nyasi. Ilipita karibu saa nzima. Kisha basi la kutoka Mwanza likatokea, likapunguza mwendo, halikusimama, likaendelea kuelekea Bukoba. Punda alilifuata kwa macho mpaka likapotea kwenye kona. Halafu akageuka mwenyewe, akasubiri nipande, akanirudisha nyumbani bila ubishi wowote.

Nilimsimulia mama nikidhani atacheka. Aliweka kisu chini.

"Alikuwa anakungoja wewe," alisema.

Nikamwuliza nani.

"Baba yako. Ulimwambia kwenye simu kwamba pengine utakuja Ijumaa. Kila Ijumaa alikuwa anakwenda kusimama pale mpaka basi lipite. Nilimwambia mtoto ana kazi, atatupigia akiwa njiani. Akasema punda anahitaji kunyoosha miguu."

Sikumbuki ni lini nilisema hivyo. Huenda nilisema mara nyingi, kama mtu anavyosema ili simu iishe vizuri. Tata hakuwahi kunilaumu. Aliuliza tu kama nimekula, akanieleza mbuni upi umezaa, kisha akampa mama simu.

Usiku ule sikulala vizuri, na wiki nzima nilitamani kumsikia akiniuliza kama nimekula. Ijumaa iliyofuata nilimtandika punda ingawa hatukuwa na cha kusaga. Tulisimama palepale. Sikumhimiza. Basi lilikuja, likasimama safari hii, akashuka msichana mwenye mtoto mgongoni. Mzee mmoja alivuka barabara haraka kuliko umri wake, akampokea begi, akaligombania hata msichana alipotaka kulibeba mwenyewe. Niliwaangalia mpaka wakaingia kwenye migomba. Nilimbana punda kidogo kwa magoti, naye akaenda.

Tangu hapo tulielewana, ingawa tumbo bado analijaza na mimi bado nasubiri alishushe. Likizo ilipoisha nilimkabidhi kwa jirani yule, nikarudi Mwanza. Nimeandika barua ya kuomba uhamisho nije Bukoba. Bado sijajibiwa. Mama ameshapaka chokaa chumba changu, na kila tukiongea ananiuliza kama nataka dirisha kubwa litobolewe upande wa shamba au upande wa njia iendayo barabarani.