Kinyonga Aliyeajiriwa kwa Dobi

Kaka yangu aliajiri kinyonga.

Sitanii. Alirudi kutoka semina ya wafanyabiashara na boksi la viatu, akaliweka kaunta, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kinyonga, jicho moja linanitazama mimi, jingine linatazama pasi.

"Huyu ndiye mshauri wetu mpya," akasema.

Nikamuuliza mshahara wake. Akasema anakula nzi. Nikaona angalau hapo tumeokoa.

Sisi ni madobi. Mama ndiye aliyeianzisha ile kazi kwa jasho lake: chumba cha mbele cha kupigia pasi, na huko uani makaro mawili ya saruji ya kufulia, marefu, yenye kina, yanayohifadhi maji ya siku kadhaa. Alipozeeka akatuachia. Mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Sasa ng'ambo ya barabara mama mmoja akafungua duka la mashine za kufulia. Mtaa mzima tukamwita Mama Mashine. Vioo, taa, nguo zinazunguka na watu wamekaa wanazitazama kama sinema. Wateja wetu wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wengine wameficha uso nyuma ya furushi.

Ndipo kaka akaenda semina, akafundishwa kwamba mnyama asiyebadilika hupotea.

"Kinyonga mambo yakibadilika naye anabadilika," akaniambia. "Sisi tumeganda na sabuni."

"Kwa hiyo tufanye nini, kaka?"

"Tuuze juisi."

Tukauza juisi. Ilinukia sabuni. Juma lililofuata tukawa saluni. Kisha mafundi simu, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kufungua simu, akaifunga, ikawaka. Kila mara kaka alipaka kibao rangi mpya. Kinyonga alikaa kaunta, na mteja akimwona tu anakumbuka ameacha kitu jikoni.

Siku moja akaja mwalimu, mteja wetu wa tangu enzi za mama, na furushi lake mkononi.

"Binti, leo hapa mnafanya nini?"

"Leo tunauza vifaranga, mwalimu."

Akageuka na mashati yake. Mashati yale nimeyapiga pasi tangu nikiwa msichana. Niliumia sana.

Asubuhi moja nikamkuta fundi uani ameshika nyundo kubwa.

"Kaka, huyu amekuja kuvunja nini?"

"Makaro. Tunahitaji nafasi ya mgahawa."

"Na mgahawa ukigoma?"

"Mtu anayebadilika hatazami nyuma."

"Mshauri wako anatazama mbele na nyuma kwa mpigo."

Akamwonyesha fundi karo la kwanza. Nikaona leo maji yamezidi unga. Nikaingia ndani ya karo na nguo zangu, maji yakanifika magotini. Fundi akaniomba nitoke, kwa heshima. Nikakataa, kwa heshima. Na machozi yalinitoka, sitaficha, maana bila makaro yale mimi si dobi tena, ni mtu tu amesimama uani.

Fundi akainua nyundo kunionyesha kwamba hatanii. Ghafla akaishusha taratibu, akarudi nyuma hadi ukutani.

Kinyonga alikuwa ametoka kaunta, yuko juu ya kamba ya kuanikia, anakuja upande wa fundi.

Ikabidi wote tusubiri apite. Na kusubiri kinyonga apite ni shughuli.

Mguu wa mbele ukainuka, ukasita, ukashika kamba. Ndipo wa nyuma ukaachia. Mkia umejisokota kambani muda wote.

"Kaka," nikasema, "mshauri wako haachii pa zamani mpaka ashike papya."

Kaka alitazama mpaka kinyonga akafika mwisho wa kamba.

"Hilo kwenye semina hawakulisema," akasema polepole.

Fundi bado yuko ukutani, Mama Mashine akaingia na ndoo mbili.

"Jirani, nisaidieni. Maji yamekatika tangu alfajiri na mashine zote zimejaa nguo za watu na povu." Akayaona makaro yamejaa maji. Kisha akaketi ukingoni kama mtu aliyechoka siku nyingi. "Niseme ukweli. Mwisho wa mwezi huu nilikuwa nafunga duka. Kila wiki nawaona mnafungua biashara mpya. Nikajiambia, hawa wana mtaji wa kutisha, watanimaliza."

Tukatazamana na kaka. Kumbe tulikuwa tunamkimbia mtu anayetukimbia.

Tukamjazia ndoo zake, na kabla hazijaisha tukawa tumegawana kazi. Siku hizi mashuka na mablanketi yanakwenda kwake. Madoa sugu, kola na nguo za sufu zinakuja kwetu. Maji yakikatika, wote tuko karoni. Kinyonga alipanda ukuta akaenda zake bila notisi. Kaka anawaambia watu kwamba ulikuwa mpango wake, nami namwacha.

Somo ni fupi, ndugu yangu. Badilika, tena mapema, usingoje wateja wote wavuke barabara. Lakini shika kwanza, ndipo uachie. Nyundo ile ingeshuka asubuhi ile, Mama Mashine angetukuta tumesimama juu ya kifusi, yeye na povu lake, sisi na menyu.