Hondohondo wa Bonde la Mnyambe

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa sauti ya ndege. Hondohondo akilia utadhani mtoto mchanga anamlilia mama yake, na nyumbani kwetu mtoto mchanga alikuwepo kweli: binti yangu wa kwanza, Tekla, mwenye siku nne.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Mimi ni mtu wa Chiungutwa, lakini nilioa kijiji cha Mnyambe, na kwa desturi ya huko nilihamia kwa wakwe. Nilikuwa kijana mwenye haya. Nikiulizwa jambo natazama chini. Nilitaka kazi yangu iseme badala ya mdomo. Basi nikaamua kumtafutia mzazi nyama ya supu.

Bondeni, kwenye njia ya kisimani, palikuwa na mti mkubwa wenye tundu lililozibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Hondohondo dume alitua hapo kila mara na kuingiza mdomo wake mkubwa katika ule ufa. Hakubadili tawi hata siku moja, na kwa sababu hiyo hakunipa taabu. Nilijificha na upinde, akaja, nikampiga.

Nilirudi nimembeba, kifua mbele. Baba mkwe alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umempata wapi huyo?"

"Kwenye mti wa njia ya kisimani."

"Alikuwa na kitu mdomoni?"

"Kuyu bivu."

Akaweka kisu chini. Mama mkwe akamtazama yule ndege, akasema, "Mimi simpiki," akaingia ndani. Mdogo wake mke wangu hakunyamaza. "Shemeji, umemletea dada supu ya mume wa mtu!"

Hakuna aliyecheka.

"Mke wake yumo ndani ya ule mti," baba mkwe aliniambia. "Amejifungia na makinda. Manyoya ya mabawa yamemtoka, hawezi kuruka. Chakula chake chote kinapita kwenye ufa ule. Haya, Baba Tekla, sasa atalishwa na nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuitwa hivyo na mtu yeyote. Nikatazama chini.

"Nakuuliza wewe."

"Atalishwa na mimi, baba."

Kuanzia kesho yake nilichuma makuyu, nikakamata panzi, nikapanda mti na kuvipitisha vyote ufani kwa kijiti cha mwanzi kilichopasuliwa ncha. Siku mbili za kwanza yule mama ndege alijibana ndani kabisa, akaacha kila kitu kidondoke. Siku ya tatu nilihisi kijiti kinavutwa. Wanawake waliopita na mitungi waliambiana, "Mpisheni mume wa hondohondo!" Niliona haya hadi masikio yakawaka, lakini sikushuka.

Baada ya wiki tatu hivi nilikuta udongo umevunjwa kutoka ndani. Mama alikuwa amekaa tawini na kinda mmoja, mabawa bado mafupi. Nilipochungulia tunduni nilimkuta kinda wa pili, amekauka siku nyingi. Yule alikufa katika siku zile mbili za kwanza. Nilimzika chini ya mti, na sikumwambia mtu mpaka leo ninapokuambia wewe.

Mwanangu, sina ndege nimpendaye kuliko hondohondo. Si kwa uzuri. Mdomo wake ni kama mzigo aliotwishwa. Nampenda kwa sababu yuko mwenzake amejifungia gizani akimwamini, naye anarudi. Mimi nilimwona akirudi kila siku, nikaona shabaha tu.

Kwa hiyo, kabla hujanyoosha mkono kuchukua kilicho rahisi kuchukuliwa, uliza nani anakingoja. Na ukikosea, usiishie kujuta. Panda mti ukalishe, hata wakikucheka.

Mungu akupe mtu wa kukungoja, akupe na nguvu ya kumfikia kila siku. Amina.