Kopo Chini ya Kitanda

Mama Ngalula alitaka meno. Si pikipiki, si nyumba ya matofali ya kuchoma: meno manne tu ya mbele. Yake yalimdondoka moja moja tangu mimba ya mwisho, akabaki anacheka na kiganja mdomoni kama mtu aliyeiba sukari. Kwenye kwaya walimhamishia mstari wa nyuma, eti kwa sababu ya urefu wake. Urefu gani, jamani, na yeye anapita chini ya meza bila kuinama! Roho ilimuuma, akaapa kwamba mstari wa mbele atarudi.

Aliuza makala, yaani mkaa wa kupikia, pale Kasulo, mtaa wa wachimba madini, kwa mafungu. Ukiuza makala kwa mafungu unalipwa noti za franka hamsini na mia, zimechanika, zimegundishwa, nyeusi tii kuliko mzigo wenyewe. Kila jioni alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Shida ilikuwa mumewe. Tata Mukendi, mstaafu wa mgodi, ukimwita akateke maji hasikii, lakini noti ikikunjwa chumba cha pili aliisikia vizuri sana. Kopo lilishafichwa juu ya kabati, likafichwa ndani ya sufuria, likafichwa kwenye gunia la unga. Kote alilifikia, na kote alilinywa.

Basi siku moja, mzee akiwa kwenye bia yake, mama akasogeza kitanda, akashika mtarimbo, akachimba.

Mama wewe! Kuchimba chumbani, Kasulo, mchana kweupe, mahali ambapo nusu ya mtaa imeng'oa sakafu zake ikitafuta kobalti? Dady, jirani yake mchimbaji, alisikia ko, ko, ko ukutani. Kopo halijafukiwa sawasawa, uani wamejaa wanaume saba na makoleo yao, na Tata Mukendi mbele yao ananuka bia na mapenzi.

“Mama, unapata kobalti, unanificha mi bwana yako?”

“Hamuna kitu mule.”

“Munasikia?” Dady aliwageukia wenzake. “Anasema hamuna kitu. Basi iko mingi!”

Kila alipokana ndivyo walivyozidi kuamini. Na kopo lilikuwa shubiri mbili tu chini ya udongo. Pigo la kwanza, na meno yake yanageuka bia. Ngalula akauziba mlango kwa mwili wake.

“Basi muache nisali kwanza,” akasema. “Shimo bila sala inaua bantu.”

Wanaume wakavua kofia. Akajifungia ndani, akaimba kwa nguvu zote, upepo ukipiga mluzi kwenye mapengo, huku vidole vyake vinafukua. Aliimba beti sita, na wa nje wakaitikia Amina. Alipotoka, tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitenge, lakini wote walikuwa wanachungulia chumba nyuma yake.

Hapo ndipo shetani, au malaika, sijui yupi kati yao anashughulika na meno, alipomnong'oneza. Mwenye nyumba Kasulo hupewa fungu lake la mawe ya kobalti yanayochimbwa kwake, kila mtu anajua.

“Mi sitaki mawe,” akasema. “Mi nasema hamuna kitu. Mwenye kuingia mu chumba yangu analipa franka mia mbili, kila mara anaingia. Ata weye, Tata Mukendi.”

“Mi? Mu chumba yangu?”

“Kulala ni bure. Kuchimba, mia mbili.”

Walilipa wakicheka. Mia mbili ni nini kwa matajiri wa kesho? Walichimba wiki tano, na Ngalula alikaa mlangoni na kopo mapajani. Walitoa udongo mwekundu, mawe ya bure na kandambili moja ya kushoto. Tata Mukendi aliacha bia ili apate pesa ya kuingilia, jambo ambalo wachungaji watatu walikuwa wameshindwa. Mwishowe Dady na wenzake walichoka, wakaondoka wakitukana. Mzee akabaki peke yake, mita nne chini, anagonga tu.

Jumamosi moja Ngalula alikwenda kuchukua kitu ambacho alikuwa ameshapimiwa. Karani wa daktari wa meno alihesabu noti zile nusu saa nzima, akamaliza na vidole vyeusi kama muuza makala. Ngalula akarudi nyumbani, akasimama ukingoni mwa shimo.

“Tata Mukendi!”

Mzee akainua uso. Mkewe alikuwa anacheka, mikono yote miwili kiunoni, mdomo wazi.

“Ayo meno inatoka wapi?”

“Inatoka mu iyo shimo.”

Akazitazama kuta za shimo, akamtazama mkewe, akalitazama shimo tena. Ilimchukua muda, masikini. Ngalula alidhani atamwonea huruma, lakini huruma haikuja. Ilikuja raha tupu.

“Miaka yote kopo yangu ilikuwa inaingia mu tumbo yako,” akasema. “Sasa feza yako imeingia mu kinywa yangu. Haya, fukia, kesho mi niko mustari ya mbele na nataka kitanda yangu. Kufukia ni bure.”