Karani Aliyewatilia Shaka Wateja

Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kuufunika Mlima Meru, na pale posta, tulipopanga foleni, kila mtu alitaka kuwahi shamba. Karani alikuwa na riwaya mapajani. Mama mmoja wa Kisongo alileta barua ya kumwita mwanawe aje kupanda mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nipe stempu."

Karani akaweka kidole kwenye ukurasa aliofikia. "Mama, una hakika gani kwamba upo hapa? Kitabu hiki kinasema huenda tunaota tu."

Mama akaisukuma barua mbele. "Kama sipo, ile shikamoo umempa nani?"

Karani akailamba stempu yenye picha ya Mfalme wa Uingereza, akaibandika mwenyewe. Zamu yangu ilipofika nilisalimia kwanza, kwa sauti, nisije nikaambiwa sipo.