Shingo Aliyoikata Fundi Nassir

Fundi Nassir wa Tiwi alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Akialikwa arusini, kwanza atatia karatasi chini ya mguu wa meza, ndipo ale pilau. Mkewe, Jumwa, alimtania kwamba hata siku ya maziko yake atainuka aukague mwanandani kwa pimamaji.

Tena alikuwa mkali. Nyuma ya shamba lao kuna magofu ya msikiti wa kale, na marehemu babake alimwachia wasia kwamba pasitoke hata jiwe moja. Aliwahi kumkimbiza jirani aliyepakia mawe hayo kwenye mkokoteni mpaka barabara ya lami, akimwita mwizi wa nyumba ya Mungu mbele za watu. Hilo lilikuja kumuuma kuliko yote.

Miaka mitatu iliyopita hoteli moja ya Diani ilimwita asimamishe kichwa cha sanamu juu ya nguzo bustanini, karibu na vibanda wanamokandwa wageni. Kilikuwa cha jiwe laini la rangi ya majivu, masikio marefu, macho yamefumbwa, uso umetulia. Tajiri mwenye hoteli alikuwa amekinunua kwa dalali, hakuuliza mengi. Shingo ilikuwa imevunjika vibaya, ina meno meno, kichwa hakikai. Fundi mwingine angeijazia saruji akaenda zake. Nassir, na ugonjwa wake, aliwasha mashine akaikata ikawa sawasawa. Kipande kilichotoka, bapa upande mmoja na chenye kukwaruza upande wa pili, akakichukua nyumbani. Jumwa akakiweka penye pipa la maji kikawa jiwe la kusugulia visigino, na majirani wakaja kulijaribu na kulisifu.

Juzi hoteli ikamwita tena. Alimkuta Dama, binti wa mapokezi, pamoja na mama mmoja wa makamo, mwalimu mstaafu aliyetoka mbali huko Asia. Dama akawa mkalimani.

Kijijini kwa mama yule palikuwa na nyumba ya watawa wa Budha, iliyodumu karne na karne. Vita vikawatoa watawa, msitu ukaingia, wanakijiji wakabeba matofali kujengea mazizi, mwisho wakaja wezi na nyundo. Kiwiliwili kimoja cha sanamu kingali kimekaa palepale, mikono mapajani, hakina kichwa. Mama yule alikuwa amekiona kichwa chake kwenye picha ya mtalii, katika bustani hii hii.

"Amekuja na plasta aliyoipiga kwenye shingo ya kule ikachukua umbo la mvunjiko wake," Dama alisema. "Tajiri amekubali. Plasta na shingo hii zikishikana, atakichukua kichwa akirudishe kwao. Zisiposhikana, hakitoki hapa. Sasa anauliza, mjomba, shingo hii ilikuja hivi ilivyo?"

Ulimi ukamtangulia. "Ilikuja hivyo hivyo."

Mama yule alikunja viganja pamoja, akamwinamia kumshukuru. Nassir aliona afadhali angempiga kofi.

Alitoka mbio, akapanda bodaboda mpaka kwake. Adhuhuri ilikuwa imeingia, na Jumwa alikuwa akitia udhu, mguu juu ya jiwe.

"Baba Amin, kulikoni?"

"Ondoa mguu, nakuomba."

Aliligeuza. Upande wa meno ulikuwa umelainika kama sahani iliyooshwa. Visigino vya miaka mitatu, vya mtaa mzima. Akaketi hapo hapo kwenye maji, akamweleza mkewe kila kitu, na ule uongo pia.

"Lakini si sanamu tu?" Jumwa aliuliza.

"Na msikiti wetu si mawe tu?"

Jumwa akalikausha lile jiwe kwa kanga yake, akampa. "Nenda kawaambie."

Akaenda, akasema. Dama alifasiri akiwa ameinamisha uso. Mama yule aliiweka plasta juu ya jiwe, akaizungusha pole pole, akaizungusha tena. Haikushika popote.

"Anauliza, waliolitumia kusugulia ni kina nani?"

"Mke wangu na majirani. Wakijitayarisha kwa sala. Mwambie anitukane. Nimestahili."

Dama alimwambia. Mama yule hakumtukana. Alilia kidogo, akalifunga jiwe katika mtandio wake na kulipakata, akasema kwamba hilo, alau, atalirudisha.

Gari lake lilipoondoka, meneja akatoa amri kichwa, kilichokuwa kimeshushwa ili shingo ipimwe, kirudishwe juu ya nguzo yake, kwani wageni wa alasiri walikuwa wakingojewa. Nassir alikibeba mwenyewe kwa mikono miwili. Hakikuyumba hata chembe. Kwa mazoea akaweka pimamaji utosini, na kile kiputo cha hewa ndani yake kikaenda kikasimama katikati kabisa. Alikitazama kwa muda mrefu, akiomba kisogee upande.